Shingo ya Solo, Mkono wa Bintiye

Asubuhi, kabla mabati ya karakana hayajaanza kulia kwa joto, fundi Randa anapangusa vumbi la mbao mezani kwa kiganja. Analaza shingo mbili za gitaa, na kando yake ubao mmoja mtupu. Anavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, kisha anainamisha sikio.

"Mtazameni," anasema mkewe, akiwa mlangoni na ndoo ya maji. "Mimi hunisikiliza kwa sikio moja tena nikipiga kelele. Ubao ukinong'ona tu, huutegea yote mawili."

"Ubao haujirudii," anajibu Randa bila kuinua kichwa.

Mbele yake kimelala kiwiliwili cha gitaa la umeme, chekundu, kimekwaruzika, hakina shingo. Leo lazima achague moja. Ubao ule mtupu ndio wa mwisho wa aina yake. Akiukosea, hana mwingine.

Gitaa hilo lilikuwa la rafiki yake, marehemu Solo. Wote wawili walikuwa mafundi seremala katika karakana ya mabehewa ya treni, na jioni walipiga katika bendi ya wafanyakazi. Hapakuwa na wa kuwanunulia gitaa, wakaliunda wenyewe kwa mbao za msaji za viti vya abiria.

Kisha msumeno wa mashine ukala kipande cha kidole cha pete cha Solo, mkono wa kushoto, ule wa kukamatia nyuzi. Msumeno haukuwa na kinga. Wafanyakazi walikuwa wameiomba kinga hiyo wakaambiwa wasubiri. Siku ya ajali meneja alisimama mbele yao akatamka neno moja: uzembe.

"Nalikumbuka neno lile kuliko ninavyoikumbuka sura yake," anasema Randa. "Na sura yake naikumbuka vizuri sana."

Solo hakuacha gitaa. Randa alimchongea shingo nyingine, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, yenye kijibonde ukingoni pa kuegemezea kile kigutu. Ukiitazama, ungedhani imeinamisha kichwa. Wenzao wakalibatiza gitaa lile Shingo Upande.

"Kwa sababu pale kila kitu tulikikubali shingo upande," anaeleza. "Kazi za ziada, shingo upande. Kupunguzwa, shingo upande. Solo akasema, haya, sisi tumenyamaza, acha lenyewe liseme."

Karakana ya mabehewa ilipofungwa, mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu na uwanja ukageuzwa maghala. Waliouza hawajaulizwa mpaka leo. Waliozeekea mle ndani waliruhusiwa kubeba viti vilivyovunjika. Ndicho kilichokuwa kiinua mgongo chao. Randa alibeba mbao mbili mabegani akatoka nazo getini, hakugeuka nyuma.

Solo alipofariki, gitaa liliegemezwa ukutani, chini ya bati lililovuja. Shingo ikanywa maji ikajipinda, na dumuzi wakamalizia.

Aliyelileta ni binti wa Solo, mshonaji katika kiwanda cha nguo, aliyejifunza kupiga kwa magitaa ya kuazima. Wenzake wanaandaa mkutano wa kudai kinga za mashine. Wamemwomba awapigie. Alitaka awapigie kwa gitaa la baba yake, na si jingine.

Alikuja na shingo ya dukani, imefungwa kwa kanga. Ilikuwa imemlia mshahara wa wiki tatu. Randa aliipachika, akavuta uzi, akapima kutoka kichwani hadi pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili. Ilikuwa fupi. Kiwiliwili kile kilipimwa kwa shingo yake chenyewe, hakikujua vipimo vya kiwandani.

"Huku chini ingesema kweli," anasema. "Ukipanda juu, kila sauti ingekuwa ya uongo. Nikamwambia, mwanangu, iache hapa, tutairudisha dukani. Mimi nitachonga."

Akachonga. Aliutoa ubao wa kwanza kati ya zile mbili alizotoka nazo getini, na hakuhitaji kipimo. Kiganja chake kilikuwa bado kinakumbuka. Alifanya kazi akipiga mluzi, jambo ambalo mkewe anasema hakulisikia tangu siku ya mazishi.

Leo binti amekuja kuijaribu, akiwa bado na nyuzi za cherehani kwenye nywele. Randa anaikaza shingo ile kwa skrubu, anatia nyuzi, anamkabidhi. Binti anakamata, anahama, anakamata tena. Uso unamkunjamana.

"Ba'mdogo, hiki kidole changu kinakaa wapi?"

Randa anasogea. Kidole cha pete cha binti, kizima, kimetumbukia katika kijibonde. Kila akikinyoosha kinaukosa uzi.

Mkewe anaweka ndoo chini.

"Nimemchongea Solo," anasema Randa hatimaye, polepole, kama anayeamshwa. "Mwezi mzima nimemchongea maiti."

"Si neno, nitazoea," anasema binti haraka. "Baba alizoea."

"Baba yako alilazimishwa kuzoea!" Sauti ya mzee inapanda mpaka jirani anachungulia. "Wewe una vidole vyote. Kwa nini upige kama mtu aliyekatwa? Nani kakukata?"

Binti anainamisha macho. Mke wa Randa anacheka kidogo, kicheko chenye machozi. "Basi usimgombeze mtoto, mzee. Mkosaji ni wewe na ubao wako."

Randa anafungua skrubu taratibu. Shingo ya Solo anaitundika ukutani, juu ya misumeno. Ya dukani anaifunga tena katika kanga yake. Anaubakisha ubao mtupu, anaugonga mara nyingine, anasikiliza.

"Lete mkono."

Binti anaushika ubao kama anayeshika gitaa. Randa anaweka alama za chaki pale kila kidole kinapofika, pamoja na kile cha pete.

Mikono ya mzee imeanza kuchoka, hafichi. Anasema hii huenda ikawa shingo yake ya mwisho. Akiimaliza anataka jambo moja tu: kusimama nyuma kabisa ya mkutano ule, pale asipoonekana, asikie.

"Na jina, Ba'mdogo?" anauliza binti. "Sasa itakuwa imenyooka."

Mzee anashika randa, anaiegemeza kwenye ukingo wa ubao.

"Jina liache vilevile," anasema. "Wakikuuliza mbona imenyooka, waambie tumechoka kukubali."

Anasukuma. Unyoya wa kwanza wa mbao unajikunja na kudondoka.