Salamu Zilizotufikia kutoka Bujumbura

Ko-ko-ko-ko. Hivyo ndivyo wavuvi wa Nyamianda, ufuko wetu pale Uvira, walivyopiga makofi zamani zile: hawakutumia mikono, waligonga makasia ubavuni mwa mitumbwi yao. Mitumbwi thelathini ikigongwa pamoja, unaisikia mpaka tumboni. Hata leo nikisikia fundi anagonga mbao, nasimama kidogo njiani na kutabasamu peke yangu.

Siku ile waligonga kwa ajili ya mkubwa wa waasi. Tulimwita Prezida, ingawa alitawala Uvira tu, tena kwa miezi michache. Uhuru ulikuwa na miaka minne, nami nilikuwa na kumi na nne. Nilimpenda kabisa. Mara moja alisema kwamba katika Kongo mpya hata binti wa mvuvi atakaa ofisini, kwenye biro, na kupiga barua kwa mashini. Tangu hapo nilikuwa nikianika ndagala juu ya mchanga huku vidole vyangu vikipiga barua. Mama aliniambia niache kuwatekenya samaki, wamekwisha kufa.

Prezida alikuja ufukoni na ombi moja. Askari wa serikali walikuwa wanakaribia kutoka upande wa bonde la Ruzizi, na watu walianza kunong'ona habari ya kukimbia kwa mitumbwi, kuvuka ziwa mpaka Bujumbura. Akasema mji uko salama, asiondoke mtu. Yeye mwenyewe atakufa hapa pamoja nasi. Ili tuaminiane, kila mvuvi apeleke makasia yake katika ghala la soko, yatunzwe huko. Baba alikuwa mkubwa wa wavuvi wa ufuko wetu. Alisimama akasema kesho asubuhi atakuwa wa kwanza. Mitumbwi ikagongwa. Sisi tulikuwa watoto sita nyumbani, wa mwisho ananyonya, na bila makasia hatukuwa na njia nyingine ya kutoka.

Hapo ndipo akafika bibi mmoja muuza ndagala, amechelewa, beseni kichwani. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila kumsalimu yeye na nyumba yake nzima, hata kama anahutubia. Na anayesalimiwa hujibu kweli. Kudanganya kuhusu afya ya watu wako ni kuwaitia ugonjwa, hakuna aliyethubutu. Kwa hiyo bibi akasimama mbele ya Prezida, akamwuliza habari ya mama yake mzazi, kisha ya mke, kisha ya watoto.

"Wazima, mama," akajibu, kwa sauti laini kabisa, kama mtu aliyesahau kwamba tupo. "Wamefika vizuri Bujumbura. Jana nimepata barua, wanawasalimia wote."

Makasia yakanyamaza. Nadhani alisikia ule ukimya kabla ya kujisikia mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema wameenda kutembea tu, watarudi. Bibi, ambaye hakuwa na ubaya wowote, akauliza na yule mdogo aliyekuwa na kikohozi je?

"Amepona. Jumatatu anaanza shule kule."

Baada ya hapo alisema mengi, juu ya ushujaa na juu ya damu, lakini hakuna aliyegonga tena.

Nyumbani Baba alikula bila kuangalia mtu. Mama akamsubiri amalize.

"Muntu anaweza kukosea kusema," Baba akaanza.

"Kusema amekosea, ndiyo. Kupeleka watoto hakukosea. Minye nimesikia Jumatatu anaanza shule. Weye umesikia nini?"

Baba akajibu kwamba ameahidi mbele ya watu, na mdomo wake hauna kurudi nyuma. Akayaegemeza makasia mawili ukutani nyuma ya jiko, tayari kwa asubuhi.

Mimi nililia kidogo, kwa ajili ya ile mashini. Lakini kumchukia Prezida sikuweza, na mpaka leo siwezi. Mtu aliyekuwa anatudanganya sisi mji mzima alishindwa kudanganya juu ya kikohozi cha mtoto wake. Sauti yake ya kweli ilikuwa ile laini, si ya hotuba. Aliwataka watoto wake wawe hai. Sisi ndio tungekaa ili ionekane mji haujakimbiwa.

Siku tano baadaye tulivuka, na miaka miwili ya Bujumbura ilikuwa mizuri kuliko tulivyoogopa. Wavuvi wengine nao walivuka, maana walipoona Baba hajapeleka makasia, nao hawakupeleka. Baba alipoyakosa ukutani aliamini kwamba Mama ndiye aliyeyaficha, akanyamaza kwa kumheshimu. Mama aliamini kwamba Baba amebadili mawazo, akanyamaza asimwaibishe. Walikaa na adabu ile miaka yote, hata yalipoonekana tena ukutani siku ya safari, wala hakuna aliyeniuliza mimi.

Asubuhi ile ya kupeleka makasia, Baba alishuka kwanza ziwani kuoga. Mama alikuwa ananyonyesha. Nikayabeba makasia begani, moja huku, moja huku, nikapanda mpaka shamba letu la mihogo. Nikayalaza katikati ya matuta, nikavuta majani juu yake, nikasimama kuangalia kama mpini unaonekana. Mmoja ulionekana. Nikaongeza majani.