Aya ya Mama wa Baba Dogo

Tangu Jumapili waliponipa ile kazi sikukaa kitako. Jirani yetu wa mtaa wa Ziwani alikuwa amefariki, mwili ungesafirishwa Ijumaa kwenda kwao magharibi, na kamati ya mazishi ilitaka historia ya marehemu iwe tayari kabla ya siku hiyo. Wakanichagua mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, nasomea kupiga chapa mjini, na mtaa mzima ulijua kwamba katika insha ya Kiswahili hakuna aliyenishinda shuleni. Mama yangu alikuwa amehakikisha wanajua. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Mwalimu wangu alitufundisha kwamba aya ni chumba. Kila chumba na kazi yake, alisema, hupiki chumba cha kulala. Darasa zima likaangua kicheko, maana hapakuwa na mmoja wetu ambaye kwao hawakupika chumba cha kulala, pazia katikati. Lakini mimi nilimwelewa. Sentensi ya kwanza iseme jambo, zinazofuata zilieleze, ya mwisho ilifunge, kisha uruke mstari. Wazo jipya, aya mpya. Nikisoma barua ya mtu aliyeanza na mvua, akaingia kwa ng'ombe, akamalizia na ugonjwa wa shangazi bila kuvuta pumzi, nilikuwa nawashwa mwili mzima.

Historia za marehemu mtaani kwetu zilikuwa na aya tano: kuzaliwa, shule, ndoa, kazi, ugonjwa. Kufikia Jumatatu nilikuwa na nne. Kuhusu kazi, familia ilinipa mstari mmoja tu, kwamba alifanya kazi katika kiwanda cha misumari mtaa wa Baba Dogo. Mwingine angeandika hivyo hivyo akalala. Mimi sikuweza. Sentensi moja si aya, na ile nafasi nyeupe kwenye karatasi ilinisumbua kama jino bovu. Jumanne asubuhi nikaenda Baba Dogo.

Langoni nilikuta wafanyakazi wenzake wamekaa juu ya mawe wakinywa chai. Nikawaeleza shida yangu. Mmoja akanitazama, akawatazama wenzake, kisha akasema, "Madam, si hapa. Enda kwa mathe, ile nyumba ya pili hapo nyuma. Yeye ndiye anamjua mzee."

Nilidhani mama huyo ni dada wa marehemu. Nikamkuta mwanamke amekaa mlangoni anasuka kiondo, na nyuma yake, kwenye msumari, limening'inia koti la kahawia ambalo sisi wa Ziwani tulilijua kwa sababu marehemu alilivaa kila Jumapili. Nikabaki nimesimama. Miaka yote tulikuwa tukiambiwa kwamba katikati ya juma analala kiwandani kwa ajili ya zamu.

Aliniambia yote bila kuzungukazunguka. Walikaa pamoja miaka kumi na miwili. Walikuwa na watoto wawili, msichana wa darasa la tano na kaka yake mdogo. Hakulia. Vidole tu ndivyo vilivyozidi kasi kwenye kamba ya mkonge. Nami nikamsomea aya zangu nne. Nilipomaliza aliniomba kitu kimoja.

"Mimi sitaki kuitwa bibi yake mbele ya watu," alisema. "Lakini pale mnaposoma watoto, hawa wawili wasomwe na wenzao. Ni maneno machache tu, mwanangu. Siku moja wataulizwa baba yao alikuwa nani, na ile karatasi watakuwa nayo."

Nikamweleza, kwa upole wa mtu anayejua kuliko mwenziwe, kwamba haiwezekani. Watoto wa Ziwani walikuwa ndani ya aya ya ndoa, ndoa ya kanisani, na kuwaingiza hawa pale kungemchanganya msomaji. Nikamwahidi aya yake mwenyewe, baada ya ile ya kazi. Akasema angependa wawe katikati ya wenzao.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Utaharibu aya."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu. Akasema basi, wewe ndiye uliyesoma.

Alinisimulia pia habari za kiwandani, nikapata aya ya kazi; ile yake niliiandika palepale juu ya goti. Mpaka leo sijaandika aya safi kuliko ile. Ilianza kwa kusema kwamba marehemu alikuwa na nyumba ya pili Baba Dogo, ikataja majina ya watoto na madarasa yao, ikaeleza jinsi alivyowafundisha kusoma kwa vipande vya magazeti, ikafunga. Nilimsomea mara mbili. Mara ya pili midomo yake ilikuwa inanifuata, na msichana wake akasogea karibu asikie jina lake.

Jumatano jioni kamati ilikutana nyumbani kwa marehemu. Mwenyekiti alikuwa kaka yake mkubwa, mzee wa kanisa. Alisoma kimya, taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Niliinuka, nikaketi, nikaenda mlangoni, nikarudi. Mwishowe akanisifu. Alisema binti huyu amepanga vizuri, kila kitu kiko mahali pake. Akampa mjane zile karatasi. Mjane alisoma, akafika kwenye nyumba ya pili, akaziweka mapajani, akatazama ukuta.

"Nilijua," alisema, basi.

Mwenyekiti akazichukua tena, akatoa kalamu, akachora mstari mmoja kuanzia juu ya aya ya Baba Dogo hadi chini. Nikasema kwa haraka kwamba historia itabaki na pengo. Hakubisha. Alisoma kwa sauti mwisho wa aya ya kazi, kisha mwanzo wa aya ya ugonjwa, akatikisa kichwa kukubali. Hapakuwa na pengo. Ya juu ilikuwa imejifunga, ya chini imejifungua, kama nilivyozijenga. Kama wale watoto wawili wangekuwa katikati ya wenzao, ingembidi awatenganishe jina kwa jina, mbele yetu, mbele ya mjane. Labda angewatoa vilevile. Lakini ingembidi afungue mdomo aseme kwa nini.

Alhamisi nilipiga stensili ya kutolea nakala chuoni. Nilipofika kwenye majina ya watoto vidole vilisimama, maana nafasi ya kuongeza wawili ilikuwepo na hapakuwa na aliyeniangalia. Nikaiogopa kamati. Nikaogopa mama yangu asije akaaibika. Nikaendelea kupiga, na nilijichukia nikiwa napiga.

Ijumaa asubuhi tulikusanyika nje ya chumba cha maiti, na nakala zikagawiwa. Mama wa Baba Dogo alikuja na watoto wake, sare za shule zimepigwa pasi, wakasimama nyuma ya watu wa kiwandani. Nilimwona akifuata mistari kwa kidole hadi mwisho. Akaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe. Watu walipoanza kuimba alinijia, akainama sikioni mwangu.

"Ile nyingine mnagawa saa ngapi?"

"Zimeisha, mama," nikasema.

Akanishukuru. Kisha akamgeukia msichana wake, akamwambia kwamba wameandikwa, ila karatasi hazikutosha.