Nilivyowachekesha watu chuoni kwa kigugumizi cha rafiki yangu, nikampoteza

Wakuu, marahaba mapema kwa wote mtakaonipa shikamoo. Umri wangu unakaribia tisini na natype kwa kidole kimoja, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie.

Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu. Stori za uongo mnaziita chai. Hii si chai. Natamani ingekuwa chai.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Mie mtoto wa Temeke, nikawa nasoma chuo kidogo cha ualimu nje ya mji. Jina la chuo naliacha, walimu wake wote wameshatangulia.

Mwaka wa kwanza nilipangiwa kitanda jirani na kijana wa kutoka bara, Daudi. Mrefu, mpole, hesabu anazitafuna kama karanga. Ila alikuwa na kigugumizi.

Mie hesabu zilikuwa zinanipiga chenga. Daudi akawa ananifundisha kila jioni, anaandika zaidi kuliko kusema. Bila yeye nisingevuka mwaka wa kwanza.

Hapa Dar hakuwa na ndugu hata mmoja. Jumapili akitoka kanisani nampeleka kwetu Temeke.

Mama yangu alimpenda, tena sana. Sie ni Waislamu, lakini mama alikuwa anamuuliza, "Haya mwanangu, mchungaji wenu kasema nini leo?" Kisha anaendelea kukuna nazi mpaka Daudi amalize jibu, hata likichukua muda gani. Hamkatizi.

Mie ndiye nilikuwaga namdakia maneno na kummalizia. Niliona namsaidia.

Siku moja tunatembea kurudi chuoni, akaniambia, "Salumu, neno gumu kuliko yote kwangu ni jina langu. Mtu akiniuliza naitwa nani, najifanya nakohoa kwanza. Nikikohoa, linatoka."

Akacheka, nami nikacheka.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Mie nimwambie nani?"

Sasa wakuu, chuoni mie ndiye nilikuwa mchekeshaji. Wenye tabia hiyo mnajua, ukishaonja watu kuvunjika mbavu kwa ajili yako, utauza chochote ili wacheke tena.

Mwaka wa pili kukawa na tafrija ya kumuaga mwalimu wetu mmoja. Mchana, ukumbi umejaa, mkuu wa chuo Mzungu yuko mbele na mkewe. Nikapanda kuigiza mwalimu mpya anayeulizwa jina na mkaguzi.

"Na-na-naitwa Da... Da..." Nikakohoa. Nikaanza upya, nikakohoa tena, mpaka nikashika meza nisianguke.

Ukumbi ulipasuka. Mkuu wa chuo alifuta machozi kwa leso.

Daudi alikuwa safu ya tatu. Naye alicheka. Alipiga makofi kabisa, huku anaangalia viatu vyake. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Jioni bwenini aliniambia kitu kimoja tu. "Lile la kukohoa nilikuambia wewe peke yako."

"Ah, Daudi, utani tu ule. Mbona na wewe umecheka?"

Akageukia ukutani. Nikapanda kitandani, nikalala usingizi mzuri tu, Mungu anisamehe.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi anakaa pembeni, wanachuo wengine tunakaa nyuma ya darasa. Zamu ya Daudi ikafika. Watoto wakamwamkia. Alitakiwa ajitambulishe.

Akakohoa.

Nyuma mmoja akabanwa na kicheko. Akafuata mwingine. Kisha benchi zima.

Mie sikucheka. Lakini sikuwanyamazisha pia. Niliinamisha kichwa kama mtu anayeandika.

Daudi akaweka chaki mezani taratibu, akatoka. Kesho yake kitanda chake kilikuwa kitupu.

Jumapili nikaenda nyumbani peke yangu. Mama akasema, "Mwenzio alikuja kuniaga. Amelia hapo hapo ulipokaa. Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu, mama. Kapata kazi."

Mama aliniangalia, akarudi kwenye nazi yake. Mpaka naingia naye makaburini kumzika sikuwahi kumwambia ukweli.

Nikapata cheti, nikafundisha. Daudi alikuwa na akili ya kufundisha kunizidi mara kumi, na hakufundisha.

Miaka mitatu baadaye shule ilinituma Chang'ombe kuagiza madawati kwenye karakana ya useremala. Naingia, anayepiga randa mbao ni Daudi.

Tukaongea madawati. Urefu, idadi, mbao gani. Nilipoishiwa maswali nikasema, "Daudi, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Akaweka randa chini. Maneno yalichukua muda kutoka. Nami safari hii nilisubiri.

"Nilishakusamehe, Salumu. Siku nyingi. Lakini sitaki tuwe marafiki tena. Nikikuona, nausikia ule ukumbi."

Akaniambia madawati yatakuwa tayari baada ya wiki mbili. Yaliletwa na mkokoteni, yeye hakuja. Sikumwona tena.

Wakuu, mie nilidhani ukisamehewa unarudishiwa mtu wako. Si hivyo. Anaweza kukusamehe kwa moyo mweupe na bado akafunga mlango, na hana kosa.

Nyie mlio vyuoni mna magroup yenu na vijiclip vya kuchekeshana. Mtu akikuonyesha aibu yake, kakupa kitu ambacho hana kingine kama hicho. Usikitoe sadaka kwa watu ambao kesho hutakumbuka hata majina yao. Nami wale waliocheka siku ile siwakumbuki majina, hata mmoja.

Waliopitia ishu kama hii waseme. Na anayetaka kunichana anichane tu, sitajitetea. Miaka sitini na kitu nimekuwa najichana mwenyewe.