Memori Isiyoingia kwenye Bodi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu alichoshwa na kompyuta yake ya kuchorea mishono, iliyokuwa ikijikokota kila siku. Akanunua memori mpya ya kuiongezea kasi, lakini ikakataa kuingia kwenye bodi, ubao wa ndani unaobeba vipande vyote. Akachukua tupa aipunguze ubavuni.

"Shemeji, weka tupa chini," akasema mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta. "Bodi yako ni ya zamani. Memori hii inataka bodi mpya, na bodi mpya itataka prosesa mpya, ubongo wa kompyuta."

"Kwa hiyo nimenunua kifungo, sasa nitafute koti?"

"Na suruali yake."

Fundi wa kompyuta akamfungulia bodi na kuitoa. Fundi cherehani akaibeba kwapani mpaka duka aliponunua memori, akailaza mezani, akamwambia muuzaji kwa upole, "Mpime vizuri, mteja nimekuja naye." Akabadilishiwa memori inayoingia.