Lango Asilolilipia Nena

Nazzarena Tabone, ambaye mtaa mzima wa Wolli Creek unamwita Nena, alikuwa na sifa moja aliyoitangaza bila haya. Tangu treni ianze kupita chini ya uwanja wa ndege wa Sydney, hakuwahi kulilipia lango la stesheni ya pale. Anayeshuka au kupanda hapo hutozwa kiingilio juu ya nauli, na Nena alikichukia kiingilio hicho kama mtu aliyeibiwa. Kila safari aliburuta sanduku lake kwa miguu kando ya mto Cooks, akavuka daraja, mpaka kwenye ndege. Aliwafundisha njia hiyo majirani, na wageni wao walifika wamelowa mvua, wakamshukuru kwa adabu.

"Mama Nena, siku ukifa utataka jeneza lipitie mtoni," Stavros wa ghorofa ya chini alimtania.

"Na wewe utalibeba," Nena alimjibu. "Wewe hulipwi."

Lakini Jumanne ile dada yake Filumena alikuwa anafika kutoka Malta, na Nena hakuwa na utani. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja, tangu mazishi ya mama yao. Safari ile Nena alikata tiketi ya bei ya chini kabisa, ndege za kuungaunga. Moja ikachelewa, naye akafika kaburi limeshafukiwa. Filumena akamwambia mbele ya waombolezaji, "Una mkono wa birika hata kwa mama yako." Neno hilo lilimkaa Nena kifuani, na lilimuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa la kweli. Sasa aliapa kwamba dada yake hataliona tena birika hilo. Watarudi kwa treni kama mabibi, na atasema ndivyo asafirivyo siku zote.

Kwenda kumpokea, alikwenda kwa miguu. Hilo Filumena hangeliona.

"Umenenepa," Filumena alisema walipokumbatiana.

"Na wewe umefupika, dada."

"Tunakwendaje?"

"Kwa treni. Mimi napanda hii hii siku zote."

Wakateremka chini, na hapo ndipo Nena alipogundua kwamba, kwa miaka yote ya kuishi kituo kimoja kutoka hapo, hakujua hata pa kuelekea. Akamsogelea mama mmoja wa Kijapani mwenye ramani, aliyetua saa ile ile, akamnong'oneza amwonyeshe njia. Mgeni akamwonyesha ngazi kwa kidole.

"Kapotea, maskini," Nena alimwambia dada yake. "Nimemwelekeza."

Kwenye lango aligusisha kadi huku amefumba macho. Treni ikaja. Nena akausukuma mgongo wa kiti upande wa pili, kiti kikageuka, wakakaa wakitazamana, akafungua karatasi ya pastizi, sambusa za kwao za jibini, alizozioka alfajiri. Filumena alikula mbili. Treni ikasimama, ikaondoka, ikasimama tena.

"Uliniandikia kwako ni kituo kimoja."

"Ni kimoja."

"Tumepita viwili."

"Leo wamegeuza."

"Wamegeuza reli?"

Za mwizi arobaini. Treni ilikuwa inawapeleka mjini, wakati kwake ni upande wa pili kabisa. Nena akatazama mikono yake.

"Sijawahi kuipanda hapa, dada. Huwa napita mtoni, kwa miguu, ili nisilipe lango. Hata leo nimekuja hivyo hivyo. Niliogopa utaniita lile jina tena."

Filumena akajifuta makombo. Akafungua mkoba, akatoa vipande vya tiketi za kuungaunga, akavipanga juu ya paja: Malta hadi Dubai, Dubai hadi Singapore, Singapore hadi Sydney.

"Mwanangu alitaka kunilipia ndege ya njia fupi," alisema. "Nikamwambia asichezee hela."

Nena akavitazama vile vipande, kisha akamtazama dada yake.

"Siku ile nilikungoja, Nena. Nilisimama kaburini bila wewe, ndiyo maana nilikutukana. Tiketi haikuwa na kosa. Nisamehe."

Nena akalia mbele ya abiria wote, na pastizi mkononi.

Walishuka stesheni iliyofuata, wakahamia jukwaa la pili, wakapanda treni ya kurudi. Ilipopita tena chini ya uwanja wa ndege, Filumena aliusogeza mkoba karibu.

"Hapa tunalipa tena?"

"Hatulipi. Hatushuki."

"Kwa hiyo tumepita mara mbili kwa kiingilio kimoja." Filumena alilitafakari jambo hilo kwa utulivu mkubwa. "Na hiyo njia yako ya mtoni, ina kivuli?"

"Upande mmoja."

"Basi siku ya kuondoka utanisindikiza kwa miguu," Filumena alisema. "Na twende pole pole, mdogo wangu. Ndege ikiniacha, si neno."