Koleo Huanzia Ukutani

Mtaani kwetu wanamwita wifi yangu Koleo, na yeye anaitika. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu kitu kikishaingia mikononi mwake hakiachilii mpaka kikubali. Ni dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa shaba upande mmoja. Anatengeneza vitu vya umeme chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mahali palipokuwa stoo ya mifagio. Akiinuka haraka anagonga kichwa kwenye kipandio cha tano. Yuko pale mwaka wa kumi na saba sasa, na bado anagonga.

Kazi hiyo aliipata kwa baba yao, ambaye alikuwa fundi wa redio. Macho ya mzee yalipoanza kufifia, alimkalisha binti yake ubavuni awe anamtajia rangi za nyaya na alama zilizoandikwa kwenye vyuma vidogo. Binti alikuwa mtoto na alipenda kubahatisha. "Usiniambie unachofikiri," mzee alikuwa anamkemea. "Niambie unachokiona." Mpaka leo wifi anafanya kazi hivyo hivyo. Ukimpelekea pasi ukasema imeungua, hataigusa. Atakuuliza kwanza: umeona nini? Moshi? Ulitoka wapi? Watu wenye haraka wanamchukia kwa siku moja, kisha wanarudi.

Mimi na yeye tumetaniana tangu siku niliyoingia kwao kama bibi harusi, miaka ishirini na miwili iliyopita. Ananiita Mama Funika, kwa kuwa nafunika kila kitu ndani ya nyumba: televisheni, redio, ndoo za maji, bakuli la sukari ambalo tayari lina kifuniko chake. "Kaka yangu akilala mchana," huwaambia watu, "akiamka anajikuta chini ya kitambaa." Naogopa vumbi, naogopa wadudu, naogopa vitu kuharibika wakati nilikuwepo na ningeweza kuzuia.

Mwaka huu nilichoogopa zaidi ni laptop ya binti yangu.

Binti yetu alimaliza chuo akakaa nyumbani miaka miwili akituma maombi ya kazi. Hatimaye ofisi moja inayoandika maneno ya mikutano iliyorekodiwa ikamwita kwenye mtihani. Angeufanya nyumbani, kwenye kompyuta yake aliyojiandikishia, Jumamosi saa nne asubuhi, masaa matatu mfululizo. Walimwandikia wazi kwamba mashine ikizima katikati, mtihani unafungwa na hakuna mwingine.

Nayo laptop ilikuwa inachaji inapotaka. Leo inakubali, kesho inakataa, au inakubali dakika kumi halafu kile kitaa cha pembeni kinachoonyesha inachaji kinazima. Betri peke yake, hata ikijaa, haikumaliza dakika arobaini. Binti alinunua chaja mpya, ikawa yale yale. Fundi mmoja wa mjini aliipindua, akatikisa kichwa, akasema bodi ya ndani imekufa na tumwachie wiki mbili. Hapo ilikuwa Jumatano.

"Nimeivunja mwenyewe, mama," binti aliniambia. "Siku ile nilipoteleza na begi." Alikuwa ameteleza kwenye ngazi mwezi mmoja nyuma, na tangu hapo alikuwa anaibeba laptop kama mtu aliyebeba mayai. Hakula vizuri jioni ile. Mimi sikula kabisa.

Alhamisi mchana nikampigia Koleo. Nilitaka kumpelekea mashine, akakataa.

"Inaumwa kwako, mimi niipime kwangu kwa nini? Nakuja."

Alikuja na begi lake la turubai na taa ya mezani kwapani. Binti akaiweka laptop mezani mbele yake, akaanza kueleza habari za kuteleza. Shangazi yake akainua mkono.

"Subiri, mwanangu. Huko hatujafika. Mimi huanzia ukutani."

Akachomeka taa yake kwenye soketi tunayotumia. Ikawaka. Akautikisa waya, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaketi akiitazama taa kama mtu anayetazama maji yachemke.

"Wifi, hiyo taa yako inatusaidia nini?" nikamuuliza. "Kinachoumwa ni kompyuta."

"Ungekuwa daktari wewe, watu wangekatwa miguu kwa sababu ya viatu."

Taa haikucheza. Akapima ekstensheni kwa taa hiyo hiyo, nayo ikawa nzima. Akatoa mita yake, akapima chaja ya zamani, kisha mpya. Zote mbili zilitoa umeme usioyumba. Kila kitu kilichopona alikisogeza upande wa kushoto wa meza, mpaka upande wa kulia ikabaki laptop peke yake. Niliona uso wa binti yangu unavyozidi kushuka kila kitu kilipovuka kwenda kushoto.

"Sasa," Koleo akasema, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Chomeka kama unavyochomeka siku zote. Mimi sipo."

Binti akaichomeka chaja kwenye laptop. Akaiinamisha kidogo kulia. Akachukua karatasi iliyokunjwa mara nne, akaisukuma chini ya waya. Akabana pumzi. Kitaa kikawaka.

"Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Nisipoiweka inakata, shangazi."

"Tangu lini?"

"Kama wiki sita."

"Na uliteleza lini?"

Binti akafikiri. "Mwezi mmoja."

Koleo akaichomoa ile chaja, ambayo kichwa chake kinaingia hata kwenye simu, akachukua simu yangu, akaichomeka kwenye simu. Ikazama mpaka shingoni. Akairudisha kwenye laptop, akasukuma, halafu akanigeukia mimi.

"Haya, wifi, wewe mwenye macho ya kuchunga. Unaona nini?"

Nikainama. "Naona imechakaa…"

"Sijakuuliza unafikiri nini."

Nikatazama tena. Kati ya kichwa cha chaja na ubavu wa laptop kulikuwa na mwanya, mwembamba kama unene wa ukucha.

"Haijaingia yote," nikasema.

"Ahsante. Miaka ishirini na miwili, leo umenijibu vizuri."

Akaizima mashine kabisa, akachomoa kila waya, akamulika tochi ndani ya tundu. Nilimletea sindano, akaisukuma mbali. "Humo ndani kuna vijino vidogo, sindano itavikwangua." Akatumia kijiti cha meno cha mbao, taratibu, akipita pembeni pembeni. Kwanza hakikutoka kitu. Kisha kikatoka kipande kama cha pamba iliyoshindiliwa, kidogo kama punje ya mchele. Akatoa cha pili, na cha tatu. Akavipanga kwenye kiganja na kuvimulika.

Vilikuwa vya kijani kibichi.

Nikahisi masikio yanachemka. Kila jioni, binti akimaliza kazi zake, ni mimi niliyekuwa nachukua ile laptop, naikunja ndani ya taulo jipya la wageni, la kijani kibichi, naibana vizuri vumbi lisipite, naiweka kabatini. Taulo lile lilikuwa linatoa manyoya mpaka kwenye nguo za mume wangu, na sikuwahi kufikiri kwamba laptop ina tundu.

Koleo alilijua taulo. Alijifutia mikono kwalo dakika kumi tu nyuma. Akanitazama juu ya miwani. Nilingoja aseme Mama Funika, nilingoja kicheko kitakachofika kwa majirani na kukaa huko mwaka mzima.

Akafumba kiganja. "Vumbi," akasema. "Mashine zote zinakula vumbi. Ndiyo maisha yao."

"Kwa hiyo si kuteleza?" binti akauliza.

"Ungekuwa umevunja kitu ningekuonyesha kilichovunjika. Hakuna."

Binti akaweka mikono usoni. Hakulia, ila alitoa pumzi ndefu. "Na mimi mwezi mzima najilaumu," akasema. "Yaani mwezi mzima."

Hapo nikashindwa. Ningeweza kukaa kimya, wifi alikwishanifungulia mlango. Lakini mtoto aliyejilaumu mwezi mzima ni wangu.

"Ni taulo langu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naifunga."

Binti akanitazama, akatazama kiganja cha shangazi yake kikifunguka tena, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Koleo ndiye aliyekasirika.

"Wifi, wewe ni mtu wa namna gani? Miaka yote hii natafuta nafasi kama hii. Leo nimeipata, nimeizika kwa mikono yangu mwenyewe kwa heshima yako, na wewe unaifukua!"

"Nisamehe."

"Sikusamehe! Mama Funika kaifunika mpaka kompyuta ikakosa pumzi! Naenda kumwambia kaka yangu sasa hivi kazini."

Akaichomeka chaja. Safari hii ilizama yote, kwa mlio mdogo. Kitaa kikawaka, bila karatasi. Akautikisa waya, akaigeuza mashine, kitaa kikabaki pale pale. Mimi nilitaka kushangilia, lakini yeye alikuwa bado hajamaliza. Alibonyeza bonyeza vitu na binti wakinong'onezana, kisha akasema tuiache ikichaji kesho siku nzima, kwa maana yeye haamini kitu kilichopona dakika tano.

Ijumaa binti alikwenda kuazima vifaa vya masikioni kwa rafiki yake, mimi nikabaki mlinzi. Kila nikipita nachungulia. Asilimia hamsini na mbili. Sitini na saba. Sabini na tisa. Themanini. Nikafua, nikarudi: themanini. Nikaanika, nikarudi: themanini. Nikafagia uwanja ambao ulikuwa umefagiliwa: themanini.

Sikupiga simu, nilikwenda kwa miguu, nusu nakimbia. Nilimkuta chini ya ngazi zake amekumbatia feni ya mteja.

"Imekufa tena!"

"Umeona nini?"

"Nimekwambia, imekufa."

"Wifi."

Nikavuta pumzi. "Taa inawaka. Imeandika themanini. Haipandi tangu saa sita."

"Ukiutikisa waya?"

"Haizimi."

Akaanza kucheka, akainuka, akagonga kichwa, akaendelea kucheka huku akijisugua. "Imeambiwa ishibe hapo hapo kwenye themanini ili betri isichoke. Mimi ndiye niliyeiweka hivyo jana."

"Na hukuniambia!"

"Nilimwambia mwenye mashine."

Nilimpiga kibao cha mkononi, akanipa kigoda nikakaa. Nilikaa saa nzima nikimtazama akifungua feni, na nakiri kwamba moyo wangu ulitulia pale kuliko nyumbani.

Jumamosi Koleo alifunga stoo yake, jambo ambalo halifanyi hata akiwa na homa. Saa nne kasoro robo alikuwa jikoni kwangu. Binti aliingia chumbani kwake, akafunga mlango. Tulikaa, sinia la mchele katikati yetu, tukachambua. Nilipojaribu kwenda kusikiliza mlangoni, wifi alinivuta sketi.

"Ukigonga nakuvunja vidole."

"Sigongi. Napita."

"Pita hapa hapa ulipokaa."

Saa tano na nusu friji ikanyamaza.

Nadhani kila mama anajua ukimya wa friji. Nilinyanyua macho, taa ya jikoni ilikuwa imezima. Mchele ukanitoka mkononi.

"Kaa," Koleo akasema. "Ana themanini. Ana nusu saa."

"Na ikipita nusu saa?"

Aliendelea kuchambua. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Kupitia dirishani nilimwona jirani akitazama nguzo ya umeme kana kwamba imemtukana. Ilipofika dakika ishirini, niliona kwamba mkono wa wifi yangu umesimama juu ya sinia. Alikuwa ameshika punje moja, haitupi, hairudishi. Nikajua na yeye anaogopa, na ajabu ni kwamba nilijisikia nafuu. Nikaushika ule mkono. Hakunitania.

Dakika ya ishirini na nne friji ikakohoa, ikaanza kunguruma.

Umeme kurudi ulikuwa nusu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa kule chumbani: je, ile laptop itaushika? Koleo akavua viatu, akaenda kwa ncha za vidole, akaweka sikio mlangoni. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Unasikia nini?" nikamnong'oneza aliporudi.

"Anaandika."

"Unafikiri imeshika?"

"Nasikia anaandika," akasema, akaketi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaomba chai.

Saa saba na dakika mbili mlango ulifunguka. Binti alitoka na alama za vifaa vya masikioni mashavuni, nywele zimesimama, akauliza kama kuna chakula. Alisema mkutano wa kwanza ulikuwa rahisi, wa pili watu walikuwa wanakatizana, lakini ameumaliza wote, na dakika tisa zimebaki za kusoma tena.

"Na umeme ulipokatika ulifanyaje?" nikamuuliza.

Akatutazama, mimi kisha shangazi yake.

"Umeme ulikatika?"

Koleo alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Jumatano iliyofuata watu wa ile ofisi walimpigia. Alipokea amesimama kizingitini, akasikiliza, akasema, "Ndiyo, naweza kuanza," mara mbili. Kisha akaruka nje akakimbia kuelekea jengo la ghorofa tatu kumwambia shangazi yake, hata mimi niliyekuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake hakunikumbuka. Sikuudhika. Nilitafuta viatu vyangu nikamfuata.