Marehemu wa Mkiwa Aliyepiga Simu

Hadithi hii inanitoa mjinga. Naisema mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu wa Mkiwa, maana wao wanaongeza chumvi. Wanasema nililia mpaka makamasi. Si kweli. Makamasi yalikuwa ya mafua.

Mimi nauza kuku barabarani. Gari likisimama nakimbia nalo, kuku wawili kila mkono, nawasifia kama mabinti wanaotafutiwa wachumba. Shule niliishia la saba, ila mdomo wangu unaendelea kusoma mpaka leo. Msimu ule mvua ilikuwa imechelewa. Mashamba yameshalimwa, mbegu za alizeti ziko ndani kwenye ndoo, na kila mtu anaangalia juu kama kuna kitu chake kimekwama huko. Hakuna aliyekuwa anaweza kutulia. Bibi yangu, ninayeishi naye, alikuwa anafagia uwanja alioufagia saa ile ile. Mimi natoka njia panda mpaka kwa fundi pancha, narudi, natoka tena, siendi popote. Hata kuku kwenye tenga walikuwa wanagombana bila sababu.

Asubuhi moja ikaja kenta kutoka upande wa Singida mjini, inayumba, tairi la nyuma limepasuka. Wakashuka watatu. Dereva, mtu mzima mwenye kitambi. Dada mmoja wa Dar, macho mekundu. Na mgeni mmoja Mhindi, tena wa India kwenyewe, si hawa wetu wa madukani. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la mbao refu kama mtu aliyelala.

Sasa kuna kitu sikukijua wakati ule, nikuambie wewe mapema. Dar kulikuwa na meli inayoondoka kesho yake asubuhi, na lile sanduku lilitakiwa liwe ndani. Meli ya watu wa nchi nyingi, haimsubiri mtu. Sanduku lisipofika, nafasi yake inakwenda kwa wengine, na yule dada aliyeihangaikia nafasi hiyo miaka anabaki bandarini anapunga mkono. Ndiyo maana ya macho mekundu. Hakuwa amelia, ila alikuwa hajalala.

Mimi niliona nini? Niliona wanaume wanalishusha sanduku taratibu ili gari liinuliwe kwa jeki, na dada anawaambia, "Polepole jamani. Kichwa kisiinamie chini. Na lisipigwe na jua." Wakaliweka kwenye kivuli cha kibanda changu. Dada na mgeni wakaliviringisha tairi kwenda kwa fundi. Barabara yetu inapitisha maiti kila siku, watu wanarudishwa kwao kuzikwa. Nikavua kofia.

"Pole sana, mzee," nikamwambia dereva.

Akaniangalia kuanzia utosini mpaka kandambili. "Wewe kabila gani?"

"Mnyaturu."

"Mimi Mnyamwezi."

Basi, hapo mambo yakabadilika. Sisi na wao ni watani, na mtani kwenye msiba ana kazi yake. Wenye msiba wanalia, mtani anachekesha. Anamsema vibaya marehemu, anaziba njia, anaingia hata kaburini na hatoki mpaka apewe kitu. Ukikuta msiba wa watani zako ukapita kimya, umewadharau.

"Nani kafariki?" nikauliza.

Dereva akainamisha kichwa. "Mjomba. Tumemtoa ziwani, Mwanza."

"Alizama?"

"Kuzama ndiyo ilikuwa kazi yake," akasema, akageuka akajifuta uso na taulo. Mabega yakawa yanatetemeka. Nikajua analia.

Nikatupa kofia chini. Nikachota majivu kwenye jiko la mama wa chapati, nikajipaka usoni, nikaanza.

"Uwiii! Wanyamwezi! Toka enzi za mababu mnabeba mizigo ya watu, leo mmebeba wa kwenu mnaishia Mkiwa! Huyu namjua, huyu! Aliogopa maji! Kuoga mpaka Krismasi! Mmemwingiza ziwani bila kumzoesha, ngozi imeshtuka!"

Dereva akashikilia mlango wa gari, akashindwa kusimama. Akina mama wakatoka. Mmoja akaanza kulia kwelikweli, wa pili akampokea, maana kilio hakisubiri kujua jina. Bibi akaja na kitenge chake kipya, kile ambacho mimi sikuruhusiwa hata kukisogelea, akakitandaza juu ya sanduku.

"Shikamoo, mama," dereva akasema.

"Marahaba, baba. Poleni. Alikuwa Mkristo au Mwislamu?"

"Hakuwahi kusema, mama."

"Basi tutaomba kote," Bibi akasema.

Mimi nikaona kazi bado haijakamilika. Nikapanda juu ya sanduku, nikalala chali, mikono nimekunja kifuani. "Haondoki mtu hapa mpaka nipewe jogoo!" Na jogoo wote wa pale walikuwa wangu.

Ndipo ubao ukalia kwaa, upande wa miguuni.

Nikasikia mtu anakimbia. "Shuka! Wee kaka, shuka hapo!" Ni yule dada, mikono imejaa vumbi la tairi. Nikashuka. Nikamwangalia dereva anitetee, nikamkuta hacheki tena.

"Mtani," akaniambia taratibu, "utani umeishia hapo."

Dada akafungua skrubu kwa bisibisi, mgeni akanyanyua mfuniko. Akina mama wakaziba macho, wakaacha nafasi katikati ya vidole. Ndani, katikati ya sponji, kulikuwa na kitu cha njano, kirefu, pua butu, mkia umesimama kama wa samaki. Hakina macho. Hakina mikono.

"Mjomba wenu amefanywa nini?" nikauliza.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka kijiji cha Issuna. Yule mama aliyekuwa analia kwelikweli alikaa chini kabisa. Aliyebaki bila kucheka ni dada. Alikuwa anapapasa ule mkia, mahali ubao uliovunjika ulipoukandamiza.

Bibi akamsogelea. "Mwanangu, hiki ni nini?"

"Shikamoo, bibi." Hata kwenye balaa lile hakuisahau. Akaeleza huku anapapasa. Wenyewe wanakiita glaida. Kinatembea chini ya bahari peke yake, hakina injini ya kukisukuma. Kinanyonya mafuta ndani kinakuwa kizito, kinashuka. Kinayasukuma nje kinakuwa chepesi, kinapanda. Kikiwa huko kinapima joto la maji na chumvi. Kikipanda kinatoa mkia juu, kinapiga simu kwa setilaiti, kinasema kilichoona. Hiki kimetengenezwa nchi moja, mgeni huyu wa India ndiye fundi wake, anayekiongoza yuko Ulaya kwenye baridi, na habari zake zinasomwa na wote, hata hawa wa hali ya hewa wanaotuambia mvua. Kule ziwani walikuwa wanawafundisha vijana wa nchi mbalimbali kukitumia. Sasa kinakwenda baharini kazini.

"Na simu yake iko wapi?" Bibi akauliza.

Dada akaonyesha mkia.

Watu wote wakanigeukia. 

Ikabidi wakijaribu pale pale. Tukakibeba mpaka uwanjani, mahali mbingu ni wazi, tukakilaza juu ya magunia ya vitunguu. Mgeni akachomeka kidude kama kizibo, ndani kikaanza kunguruma kidogo, kama paka aliyeshiba. Dada akafungua kompyuta mapajani, simu mkononi. Kama mkia ni mzima, kitapiga, na yule wa Ulaya ataona. Kama umekufa, wasihangaike na Dar.

Tukasubiri. Sijui kama umewahi kusubiri kitu ambacho wewe ndiye umekiharibu. Nilikwenda kwa fundi pancha, tairi limeshaisha, nikarudi. Nikahesabu kuku, nikasahau, nikahesabu tena. Nikasimama, nikaonekana ninawazibia mbingu. Nikachuchumaa. Dada akaangalia saa, akaangalia barabara ya Manyoni, akaangalia kompyuta. Angenitukana ningepumua.

"Hakuna kitu," akasema. "Tuanze upya."

Mgeni akachomoa kizibo, akachomeka. Kikanguruma tena. Dereva alikuwa amekaa kwenye tairi, ameshika kichwa. "Ni mimi," akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Ningesema tu ni mashine." Nami nikataka kumwambia hapana, ni mimi, lakini Bibi akatuonyesha kidole tunyamaze, kama kanisani. Basi moja likapita, abiria wakachungulia dirishani wakaona kijiji kizima kimezunguka samaki wa njano, mmoja wetu amepakwa majivu.

Simu ya dada ikaita.

Akaiweka sauti ya nje. Mwanamke wa kizungu, anaongea haraka haraka kama anayefukuzwa. Dada akasikiliza, akaweka mkono mdomoni. Nikajua basi, nimekiua.

"Anasemaje?" dereva akauliza.

"Anasema kimempigia." Dada alikuwa analia na kucheka, vyote vinamgombania. "Kimempigia, anakisikia vizuri. Ila ramani yake inaonyesha kiko porini katikati ya Tanzania, anauliza tumeibiwa?"

Sikuwahi kusikia vigelegele vya namna ile hata harusini. Mgeni wa India alibebwa. Mimi nilibaki nimechuchumaa, napenga mafua yangu, ndiyo maana wakasema nililia.

Baada ya hapo ni haraka tu. Tairi likafungwa. Ubao uliovunjika ukaacha mkia unacheza ndani ya sanduku, dada akawa anatafuta kitu laini cha kuukazia. Akashika kitenge.

"Bibi, naomba niazime hiki. Nitakirudisha."

"Chukua," Bibi akasema. "Nilishampa maiti, siwezi kumnyang'anya."

Dereva akaja kwangu, akachagua jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote kwenye tenga, akamshika miguu. "Faini," akasema. "Umemlalia marehemu wa mataifa." Sikubisha. Hiyo ndiyo sheria ya utani, na mimi ndiye niliyeuanzisha. Dada akaandika namba yangu kwenye simu, wakaondoka wanakimbizana na meli.

Siku ile na iliyofuata sikukaa. Kila simu yangu ikilia natupa kuku chini. Nikawa nauliza madereva wanaotoka Dar kama wameona kenta imeharibika njiani, na wao wananiuliza ya nani, na mimi nasema ya mjomba. Mawingu yanakuja, yanatuangalia, yanaondoka. Bibi anafagia.

Halafu picha ikaingia. Meli, bahari nyuma yake, na mashine za njano zimepangwa, kila moja na bendera ya kwao imebandikwa ubavuni. Ya mwisho imefungwa kitenge mkiani. Chini dada ameandika: "Mtani, tulifika wanavuta ngazi. Marehemu ameshushwa majini leo. Kila akipanda anapiga simu."

Nikakimbia nyumbani nikamwonyesha Bibi. Akaacha ufagio, akaisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu, akakitafuta kitenge chake mpaka akakipata. Akanirudishia simu, akaangalia juu kidogo.

"Mwambie marehemu kitenge abaki nacho," akasema. "Mvua ndiyo alete."